Maswali na majibu: Ndege za Entebbe zilipata wapi mafuta, na zilituaje gizani?

Swali: Shikamoo mzee. Juzi niliangalia filamu ya uokoaji wa mateka wa Entebbe mwaka 1976, na kuna mambo yamenikaa kichwani. Ndege kubwa nne za mizigo zilitokaje Israel hadi Ziwa Victoria bila rada ya nchi yoyote kuziona? Mafuta ya kwenda na kurudi walibeba wapi, au waliongezewa angani? Walituaje usiku kwenye uwanja wa watu ambao hawakuwaalika? Na mbona ndege za kivita za Idi Amin hazikuwafukuza? Rafiki yangu anasema yote hayo ni chumvi ya watengeneza filamu. Msomaji wako, Mwanza.

Jibu: Marahaba, mwanangu. Mwambie rafiki yako kwamba safari ile ilifanyika kweli, tena kwa namna ngumu kuliko ulivyoiona kwenye skrini. Filamu hutia chumvi kwenye maneno ya watu na kwenye risasi. Kwenye urukaji hufanya kinyume: hupunguza. Saa saba na nusu za rubani kupigana na mafuta yake hupewa dakika tatu za picha na muziki, wakati mimi niliyekaa miaka mingi mnarani nikiongoza ndege naona kisa chote kimo humo.

Kwa asiyekijua kisa: tarehe 27 Juni 1976 ndege ya Air France, Airbus A300 iliyokuwa ikitoka Tel Aviv kwenda Paris, ilitekwa baada ya kupita Athens. Watekaji walikuwa wanne, Wapalestina wawili na Wajerumani wawili. Wakaipeleka Benghazi kujaza mafuta, kisha Entebbe, ambako wenzao waliwapokea na Amin akawapa nafasi. Abiria wengi wasio Waisraeli waliachiwa baadaye. Rubani Michel Bacos na wafanyakazi wenzake wakakataa kuwaacha abiria waliobaki. Mateka 106 wakawa wamefungiwa kwenye jengo la zamani la abiria.

Sasa rada. Mawimbi ya rada husafiri karibu sawa na mstari ulionyooka, ilhali dunia imepinda. Sisi tuna hesabu fupi: chukua kipeuo cha pili cha urefu wa antena kwa mita, jumlisha na kipeuo cha pili cha kimo cha ndege, zidisha kwa 4.12, utapata kilomita ambazo rada inaweza kuona. Antena ikiwa na mita 30 na ndege ikiruka mita 6,000 juu, rada inaiona kutoka kilomita 340 hivi. Ishushe ndege ile ile hadi mita 30 juu ya maji, haionekani hadi ifike kilomita 45. Angalia ramani ya Bahari ya Shamu. Sehemu kubwa ya bahari hiyo ina upana unaozidi kilomita 200, kwa hiyo anayepita katikati kwa kimo hicho yuko mbali na macho ya Misri, Sudan na Saudi Arabia. Hivyo ndivyo zile ndege nne za mizigo, aina ya Hercules, zilivyopita baada ya kupaa kutoka Sharm el-Sheikh, ncha ya kusini ya Sinai iliyokuwa mikononi mwa Israel wakati huo, alasiri ya tarehe 3 Julai.

Kuna jambo jingine ambalo filamu hazilionyeshi kwa sababu halina picha. Waongoza ndege wa kiraia tunategemea sana kifaa kilichomo ndani ya ndege, transponda, kinachoijibu rada yetu na kututajia utambulisho na kimo. Rubani akikizima na asizungumze redioni, kwetu anabaki nukta isiyo na jina, na pengine hata nukta haipo.

Lakini kujificha kuna gharama, na gharama yenyewe ni mafuta. Injini za Hercules, za panga boi zinazozungushwa na tabo (mtambo unaosukumwa na gesi ya moto), hufanya kazi kwa nafuu huko juu kwenye hewa nyepesi. Chini karibu na maji hewa ni nzito, ndege inasukumana nayo, na mafuta yanapungua rubani akitazama. Kila kilomita ya kujificha waliilipia. Ndiyo maana walipokaribia mwisho wa kusini wa bahari na kuingia anga ya Ethiopia, ambako hapakuwa na rada nyingi za kuogopa, walipanda hadi kama mita 6,000 na kusafiri juu mpaka Ziwa Victoria.

Fanya hesabu nami. Hercules ya aina ile, matangi yakijaa pamoja na yale yaliyoning'inia chini ya mabawa, hubeba takriban tani 28 za mafuta. Inatumia zaidi ya tani 2 kwa saa, na chini juu ya maji inazidi hapo. Sharm el-Sheikh hadi Entebbe kwa njia waliyopita ni kama kilomita 4,000. Zidisha matumizi hayo ya saa kwa saa saba na nusu, toa kwenye zile tani 28, utaona kinachobaki hakiwezi kumrudisha mtu nyumbani. Hapo ndani mna askari, magari ya Land Rover na ile Mercedes nyeusi ya kuwahadaa walinzi wa Uganda. Ndege zilipaa zikiwa na uzito uliozidi wa kawaida, tena kwenye joto la Sinai, na hewa ya joto huipunguzia ndege nguvu ya kuinuka. Rubani yeyote wa mizigo aliyepaa mchana Dodoma au Lodwar ndege imejaa anaijua hofu ya kuona mwisho wa njia unakuja na magurudumu bado yako chini.

Hapana, hawakuongezewa mafuta angani. Walikuwa na njia mbili. Ya kwanza, kuchota mafuta ya Entebbe kwenyewe. Walibeba pampu kwa kazi hiyo. Hebu fikiria kukaa uwanjani na ndege nne, unavuta mafuta ardhini huku unapigwa risasi kutoka mnarani. Ya pili ilikuwa Nairobi. Kenya ilikubali, na ndege zikajaza Embakasi, ambako Boeing 707 iliyobeba madaktari ilikuwa imeshatangulia.

Hapo ndipo ninapozilaumu filamu. Nairobi hupita kwa sentensi moja, kama kituo cha petroli barabarani. Bila Nairobi mpango mzima unabaki kutegemea ile pampu. Na waliolipa ni Wakenya waliokuwa wakiishi Uganda: katika siku zilizofuata watu wa Amin waliwaua wengi kwa kulipiza kisasi, na maelfu wakakimbia. Bruce McKenzie, aliyewahi kuwa waziri wa kilimo wa Kenya na anayetajwa kuwa mmoja wa waliofanikisha mpango wa Nairobi, alikufa Mei 1978 ndege ndogo aliyopanda kutoka Uganda ilipolipuka karibu na milima ya Ngong. Watu hawa wanastahili zaidi ya picha ya bomba la mafuta.

Kuhusu kutua. Wewe wa Mwanza utanielewa haraka, maana umeliona ziwa usiku. Rada ya puani mwa ndege, ile ya kutazamia mawingu, inaweza pia kuelekezwa chini. Maji yaliyotulia hayarudishi mawimbi mengi kwa aliyeyatuma, kwa hiyo ziwa huonekana jeusi na nchi kavu huonekana angavu. Entebbe imekaa kwenye rasi, na ufuko wake unachoreka vizuri sana kwenye kioo. Njia kuu ya kurukia ina zaidi ya kilomita 3.6, laini, huku majani na udongo wa pembeni ni vitu vya kukwaruza. Kwenye rada njia hiyo hutokea kama ukanda mweusi katikati ya weupe. Rubani mzoefu akiwa na mtu wa kumsomea rada anaweza kuufuata hadi karibu kabisa na ardhi. Hiyo ndiyo mbinu waliyojiandaa kuitumia endapo taa zingekuwa zimezimwa.

Ndege ya kwanza, iliyorushwa na Joshua Shani, ilifika kama saa sita usiku kwa saa za Uganda na kukuta taa za njia zinawaka. Hawakuziamini. Ikiwa bado inatembea taratibu, askari wachache waliruka chini na kupanga taa za kubebeka kandokando ya njia. Busara hiyo ililipa: zilizofuata zikiwa bado hazijamaliza kutua, taa za uwanja zilizimwa, na zile taa ndogo ndizo zilizobaki. Katika filamu nyingi kitendo hicho hukioni, au unaona mgongo tu wa askari anayekimbia. Mimi ningekipa dakika tano.

Mlango wa nyuma wa Hercules huteremshwa ukawa daraja, kwa hiyo magari yalitoka yakiwa yamewashwa, na baadaye mateka wakapandishwa hapo hapo. Ndege iliyowabeba iliondoka kabla ya saa moja kutimia tangu ile ya kwanza itue. Mateka 102 walirudi. Watatu walikufa kutokana na mapigano yale, pamoja na kamanda Yonatan Netanyahu na askari kadhaa wa Uganda. Dora Bloch, bibi wa miaka 74 aliyekuwa amelazwa hospitali ya Mulago, Kampala, aliachwa nyuma na akauawa.

Umeuliza kwa nini hawakufukuzwa. Entebbe hadi Nairobi ni kama kilomita 520, karibu saa nzima kwa Hercules inayokwenda kilomita 540 kwa saa. MiG-21, ndege ya kivita aliyokuwa nayo Amin, inakwenda mara nne ya mwendo huo. Ingetosha moja tu kupaa. Kwa hiyo kikosi kimoja kilitumwa kuziharibu MiG zikiwa zimeegeshwa uwanjani, na hakuna iliyopaa.

Ukitaka kuona Hercules zenyewe, tafuta filamu ya Kiisraeli ya mwaka 1977 iliyoongozwa na Menahem Golan. Jeshi la anga lilimpa ndege halisi, na jinsi zinavyobembea zikikaribia ardhi hakuna kompyuta iliyochora.