Usilipe karo Ijumaa kabla hujampata msimamizi

Kaka wa Malindi, hiyo karo usiilipe. Swali lako nimelisoma mara mbili nikiwa kwenye mashua ya kutoka Mokowe, na nimeanza kukuandikia kabla hatujafunga gatini. Umesema barua ya kukubaliwa uzamifu (PhD) wa sheria imekufikia, malipo mwisho ni Ijumaa, mada yako ni "sheria ya ardhi na haki za watu wa Pwani", na ofisini wamekwambia msimamizi utapangiwa ukishajisajili. Kisha ukauliza usome muda wote au huku ukiendelea na uwakili, ubaki Kenya au uende Uingereza, ufadhili unapatikana wapi, na makala ya jarida uanze kuandika lini. Yote hayo yangoje. Neno lililonishtua ni "utapangiwa". Mimi niliambiwa neno hilohilo, nikalipa, na ikanigharimu karibu miaka mitatu.

Mimi ni wakili, mzaliwa wa Langoni, Lamu. Mada yangu ni wakfu wa ukoo: zile nyumba na mashamba ambayo mzee wa zamani aliyafunga yasiuzwe wala kurithiwa, mapato yake yale kizazi chake, na kizazi kikikatika yaende msikitini au kwa maskini. Nilitaka kujua mgogoro ukizuka leo asikilize nani. Katiba ya 2010, kifungu cha 170, inampa Kadhi kusikiliza mambo ya hadhi ya mtu, ndoa, talaka na urithi, baina ya Waislamu waliokubali mamlaka yake. Wakfu haukutajwa kwa jina. Basi mmoja anakwenda kwa Kadhi akisema hili ni jambo la urithi, na nduguye anakwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapo Malindi akisema hii ni ardhi. Nyumba moja, faili mbili. Nilijua swali lina uzito kwa sababu nilikuwa nikikutana nalo kazini.

Nikaomba nafasi, nikapata. Mratibu wa masomo ya uzamifu kwenye chuo kile akaniambia, "Lipa tu, dada, wasimamizi tunao tele. Daktari yeyote wa sheria anaweza kukusimamia." Nikamwamini, kwa sababu alizungumza kwa upole na mimi nilikuwa na haraka. Maneno yale hadi leo yananichoma. Alijua kwamba kwenye orodha yake hapakuwa na mtu hata mmoja aliyewahi kuandika juu ya wakfu. Alijua, na bado akanipa namba ya akaunti ya benki.

Nilipangiwa bingwa wa sheria ya makampuni. Sina kinyongo naye. Alikuwa mtu wa heshima na alisoma kila nilichompelekea. Lakini alikisoma kwa macho ya makampuni. Kila rasimu ilirudi na maelezo ya kuufananisha wakfu na dhamana (trusts) za sheria ya Kiingereza, kana kwamba mzee wa Siyu alipofunga shamba lake la minazi alikuwa anafungua mfuko wa uwekezaji. Nikafuata. Sura ya kwanza niliiandika upya mara nne, na kila mara wakfu ulipungua na dhamana zikaongezeka. Mwezi wa kumi na nne nikasimama mbele ya jopo kulitetea pendekezo langu. Mama mmoja kwenye jopo akaniuliza swali moja tu: "Bakhshuwen umeisoma?"

Nilikuwa sijaisoma. Nikageuka kumtazama msimamizi wangu, naye akanitazama mimi.

Kwa asiyejua: hiyo ni kesi iliyotoka Kenya ikafika Baraza la Privy kule London, mahakama ya mwisho ya rufaa ya makoloni, na hukumu yake imo katika ripoti za 1952. Ilifuata uamuzi wa 1894 wa kesi ya India, uliosema kwamba wakfu ambao faida yake hasa ni ya ukoo, na maskini wamewekwa mbali mwishoni, haufai. Yaani majaji wa London walilikataa jambo ambalo wanavyuoni wetu hawakuwa na shaka nalo kwa karne nyingi. Ni hukumu ya zama zilezile zilizotuletea Sheria ya Makamishna wa Wakfu ya 1951. Huwezi kuandika ukurasa mmoja juu ya wakfu wa ukoo Kenya bila kupita hapo. Mtu wa fani hii angenitajia kesi hiyo kwenye chai ya kwanza. Mimi niliisikia mwezi wa kumi na nne, mbele ya watu saba, huku karo ya mihula mitano imeshaingia benki.

Pendekezo likakataliwa. Msimamizi akapata kazi nchi nyingine, akaondoka. Nikapangiwa wa pili, mtu wa sheria ya jinai, aliyeniambia waziwazi kwamba hajui aanzie wapi. Mama yangu kila Idi alikuwa akiuliza, "Hiyo shule yenu haifungi?" na nyumba nzima inacheka.

Pesa na muda nimeshavisamehe. Nisichoweza kusamehe ni hiki. Mkomani kulikuwa na mzee aliyekuwa mutawali, yaani mwangalizi, wa wakfu wa ukoo wao, ana kasha la hati zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na kichwani anajua kila hati inahusu ua upi na jirani yupi. Aliniambia, "Njoo na daftari lako, mwanangu, nikueleze moja moja." Lakini utafiti wa kuhoji watu hauanzi hivihivi. Pendekezo lipite kwanza, upate idhini ya kamati ya maadili, kisha leseni ya NACOSTI, tume ya serikali inayosimamia utafiti, ambayo ni ya mwaka mmoja, na ujitambulishe kwa kamishna wa kaunti kabla ya kumhoji yeyote. Pendekezo langu lilikuwa limekwama, kwa hiyo kila kitu kilikwama. Nikawa napita mlangoni kwake namwamkia, namwambia bado kidogo, mzee wangu. Nilikuja kukaa kwenye baraza yake siku ya hitima yake. Kasha lipo, wanawe wamelitunza vizuri, lakini wa kulisoma kwa sauti na kuonyesha kwa kidole mpaka ulipita wapi hayupo tena.

Baada ya hapo ndipo nilipofanya nililopaswa kufanya mwanzo. Nilisoma makala za wakfu wa Afrika Mashariki, nikaangalia ni nani anayetajwa na kila mtu kwenye tanbihi, nikamwandikia. Kurasa mbili tu: swali langu, waliotangulia wamesema nini, na mimi nitategemea hati zipi na watu gani. Siku ya tisa alijibu kwa maswali matatu, na kila swali lilikuwa na thamani kuliko miezi ile yote kumi na minne. Nikahamia chuo chake, nikaanza upya. Pendekezo likapita ndani ya miezi mitano.

Sasa tazama mada yako. "Haki za watu wa Pwani" ni za nani? Mtu anayeijua ardhi ya Pwani atakuuliza siku hiyohiyo kama unazungumzia Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908, iliyotaka wenye ardhi wapeleke madai kwa msajili na isiyodaiwa ikahesabika ya Serikali ya Kikoloni, ndiyo maana familia nyingi za Wamijikenda zikaja kuitwa maskwota kwenye mashamba ya babu zao. Au unazungumzia ardhi ya jamii, kifungu cha 63 na sheria ya 2016? Au unawazungumzia wavuvi wa huku kwetu, waliokwenda Mahakama Kuu Malindi juu ya bandari ya Lamu, na mwaka 2018 majaji wakaamua walipwe shilingi bilioni 1.76? Hizo ni tasnifu tatu tofauti, na wasimamizi watatu tofauti. Ukipangiwa mtu wa kodi hatakuuliza lolote katika haya. Atakwambia mada ni nzuri, endelea.

Kwa hiyo mwandikie mtu mwenyewe. Ukimpata, muulize bila haya ana wanafunzi wangapi sasa, anastaafu lini, kuna safari ndefu mbele yake, na yuko tayari uende nyanjani au anataka usome hukumu na vitabu tu. Jibu lake liwe la maandishi, kisha jina lake liingie kwenye fomu yako kabla ya pesa kutoka. Hapa kwetu mara nyingi wasimamizi huwa wawili. Yule wa kwanza awe wa fani yako, wa pili hata akitoka pembeni utaishi. Na kuhusu Uingereza, huko nako kwa kawaida unatakiwa uonyeshe nani atakusimamia, kwa hiyo umerudi palepale.

Wakikwambia nafasi itapotea ukikosa Ijumaa, omba kwa barua waiahirishe hadi muhula ujao. Wakikataa, iache ipotee.

Zile kurasa mbili anza kuziandika leo usiku, unitumie kwa ujumbe nizipitie. Alhamisi nina kesi hapo Malindi. Kuanzia saa tatu asubuhi nitakuwa nje ya masjala ya Mahakama ya Ardhi, na nitakuja na nakala ya Bakhshuwen hata kama mada yako si ya wakfu, uone namna hukumu moja inavyoweza kukaa chini ya mada nzima.