Skena imepinda galeri yetu, ni mbovu?

SWALI: Yaya, jambo. Mimi ni msaidizi wa topografu (mpimaji) kwa mgodi mmoja wa chini ya ardhi huku karibu na Lubumbashi. Wametuletea skena ya laseri ya kubeba mkononi, tukatembea nayo galeri, ile njia iliyochimbwa ndani ya mgodi, ya mita kama 400 mpaka mwisho, tukaizima kule kule. Kwa kompyuta ramani inapendeza sana, lakini ule mwisho umekaa pembeni mita moja na kitu ukilinganisha na vipimo vya teodoliti, ile darubini ya kupimia pembe. Shefu anasema mashini mbovu, irudishwe. Ni kweli? — Msomaji wa Katuba

JIBU: Mdogo wangu, msirudishe kwanza. Shida umeiandika mwenyewe: mliizima kule kule.

Chini GPS haifiki, basi ile mashini inajitafutia yenyewe iko wapi. Inatupa mwanga wa laseri, zingine mara 300,000 kwa sekunde moja, inapima muda wa mwanga kwenda ukutani na kurudi, halafu inalinganisha ukuta inaouona sasa na ule iliouona punde tu, na kuna kihisi ndani kinachojua mkono wako umeinama ama umegeuka, ndiyo inakisia umesogea kiasi gani. Kila hatua ina kakosa kadogo na hako kanabebwa na hatua inayofuata, mpaka mita 400 zinaisha unadaiwa mita nzima. Galeri iliyonyooka, kuta zinafanana, hakuna kona wala boriti, ndiyo mbaya kuliko zote, mashini haina cha kushikilia.

Kwa hiyo mrudi. Weka skena chini mahali pamoja, anza, nendeni mpaka mwisho, mrudi kwa galeri nyingine kama iko njia ya kukatia, mmalizie pale pale mlipoanzia. Programu ikitambua mahali pa mwanzo inagawa kosa kwa njia nzima. Lakini kurudi peke yake hakutoshi kuwapa uhakika wa ule mwisho, lazima shabaha (alama za kupimia) ukutani zilizopimwa na teodoliti, mwanzo, katikati na mwisho, kwa hiyo shefu asiuze teodoliti yake, hizi mbili zinafanya kazi pamoja.

Na mwenye taa asitangulie mbele ya skena! Anachorwa galeri nzima kama mzimu, utashinda siku kwa kompyuta ukimfuta. Mkishalipua ngojeni vumbi litulie, na kwenye dimbwi musiamini sakafu, maji yanarudisha laseri vibaya unaona kama kuna shimo.

Mashini za namna hii zimeshaaminiwa mbali, wale wa CSIRO, shirika la utafiti la serikali kule Australia, walikuwa na yao inaitwa Zebedee, kichwa kinachezacheza juu ya springi, wakapima ndani ya mnara wa Pisa na ngazi zake kwa dakika kama 20.

Mita moja si kitu kidogo kwetu huku. Angalia mgodi wa Kipushi hapa karibu, walianza kuchimba 1924, pampu zikasimama 2011 maji yakapanda. Mahali kama pale ukikosea mita moja unaweza kutoboa galeri ya zamani imejaa maji, na wenzako wako mbele yako. Na kama ni shimo la zamani hamujui paa lake, mtu asiingie, ishusheni skena kwa kamba, ikapime yenyewe.