Ankara feki: angalia akaunti kabla ya Kiingereza

Mkuu, umeuliza utajuaje kama ankara ya muuzaji wako yenye akaunti mpya ni feki, na wadau wengi wamekuambia utafute Kiingereza kibovu. Hiyo ilikuwa zamani. Iliyotaka kuniliza mimi ilikuwa safi kuliko za muuzaji mwenyewe.

Mimi ni mhasibu wa duka la vipuri Kariakoo, mzigo tunaagiza Guangzhou. Tulishalipa asilimia 30, likabaki salio. Alhamisi jioni ikaingia barua pepe ndani ya mazungumzo yale yale ya wiki tatu, na profoma (ankara ya awali) ile ile: nembo, mhuri, kiasi mpaka senti. Akaunti tu ndiyo mpya, eti ya zamani inakaguliwa, na tulipe leo leo la sivyo meli inatuacha.

Fomu ya TT (ya kutuma pela benki kwenda nje) nilishaanza kuijaza. Nilipofika kwenye swift kodi, yaani namba ya utambulisho ya benki inayopokea, nikashtuka. Herufi ya tano na ya sita ndizo za nchi: China ni CN, Hong Kong ni HK (na Wachina wengi wana akaunti halali huko). Hii ilikuwa PL. Poland! Mtu wa Guangzhou kafuata nini Poland?

Nikafungua anwani ya mtumaji kwenye kompyuta, maana simu mara nyingi inakuonyesha jina tu. Penye m palikuwa na r na n zimebanana: rn. Ukisoma haraka huoni kitu.

Usimjibu hapo hapo kumuuliza, atakayekujibu ni tapeli mwenyewe. Nilimpigia dada wa mauzo kwa namba ya kwenye mkataba wa zamani, siyo iliyo chini ya ankara mpya. Hakuwa na habari yoyote. Baadaye tukakuta barua pepe ya bosi wetu imeingiliwa, kila ujumbe wa malipo nakala inakwenda kwa mtu tusiyemjua. Nywila yake moja, kila mahali.

Wala usione aibu. Kati ya 2013 na 2015 Google na Facebook walimlipa Mlithuania Evaldas Rimasauskas zaidi ya dola milioni 100 kwa ankara za kughushi, akijifanya Quanta Computer ya Taiwan. Alifungwa miaka 5.

Kama umeshalipa, achana na uzi huu, kimbia benki sasa hivi waombe kuirudisha hiyo TT, kisha polisi. Kama bado, tuwekee hapa zile herufi mbili za swift kodi.