Sungura anayekimbia mkono: nilivyomzoesha wangu hapa Tabora

Mkuu, umesema sungura wako ana wiki 2 nyumbani, ukifungua banda anajibanza kwenye kona, mtoto akimshika anarusha mateke. Wangu alikuwa hivyo hivyo. Muuzaji alimtoa kwenye kiroba kwa kumning'iniza masikio, nami kwa ujinga nikambeba hivyo hivyo hadi kwangu, mtaa wa Isevya. Masikio si mpini. Tena sungura akirusha mateke huku ananing'inia anaweza kujivunja mgongo, miguu yake ya nyuma ina nguvu mno kwa mifupa ile.

Mwezi mzima nilimlazimisha. Kila jioni naingiza mkono kwa juu, namtoa, nampakata. Akitulia tuli, najua ameridhika. Siku moja mwewe akapita juu ya mwembe wetu, vifaranga vya jirani vikatawanyika, sungura akapiga mguu wa nyuma chini, puu! Kisha akaganda, macho yamemtoka, vilevile kama anavyotulia mapajani mwangu. Kumbe miye ndiye mwewe wa kila jioni.

Nikaacha kumshika kabisa. Nikamwekea boksi la katoni lenye milango miwili, asijione amenaswa, nikaacha banda wazi, nikakaa mkekani nachambua maharage bila kumwangalia. Nilifanya hivyo alfajiri na magharibi, ndipo wanapochangamka. Mchana wa mwezi wa 10 kwa joto la huku hata wewe hutaki kuguswa. Siku ya 4 akaninusa kidole cha mguu. Siku ya 9 akachukua jani la matembele mkononi mwangu. (Karoti kipande kidogo tu, ina sukari. Chakula chake hasa ni nyasi.)

Macho yake yako pembeni, anaona karibu pande zote, ila mbele ya pua pale haoni. Kwa hiyo mkono upitishe ubavuni, chini chini, umguse paji la uso. Akiondoka, mwache aende. Hapo ndipo watoto wanaposhindwa! Binti yangu nilimpa kazi ya kumsomea daftari lake la shule kwa sauti ndogo, mikono mapajani. Ikasaidia wote wawili.

Ikibidi umbebe, mkono mmoja kifuani, mwingine chini ya makalio, umbane kwako. Na akikataa kula tangu asubuhi hadi jioni, usiseme ni woga, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Wangu sasa ana miezi 3 ya utaratibu huu. Anajitupa ubavu mkekani, nikimkuna anasaga meno taratibu kwa raha. Honi ya treni bado inamkimbiza ndani ya boksi, na kupakatwa hataki mpaka leo, nimemwachia.

Banda lako liko wapi lakini? Kama mbwa wa jirani analizunguka usiku, anza na hilo kwanza.