Corumbá: tazama kipimo cha mto kabla ya kukata tiketi

Wageni wengi wa Corumbá hukosea mwezi. Wanauliza mvua huisha lini, wanapanga kufika Mei wakidhani nchi itakuwa imekauka, kisha wanakuta mto umejaa mpaka kwenye vichaka. Mji huu uko magharibi kabisa mwa jimbo la Mato Grosso do Sul, Brazili, kwenye ukingo wa Mto Paraguay, na Bolivia iko kilomita chache tu kutoka katikati ya mji. Pantanal inayouzunguka ni ardhioevu tambarare mno: mteremko wake ni sentimita chache kwa kilomita. Mvua inayonyesha kaskazini kati ya Novemba na Machi hutambaa kwa miezi kabla ya kufika hapa, kwa hiyo mto mara nyingi hufikia kilele kati ya Aprili na Juni, wakati hakuna hata wingu.

Kipimo cha usawa wa maji cha kufuata ni cha Ladário, mji jirani wenye kituo cha jeshi la majini. Kimesomwa tangu mwaka 1900, na vipimo vyake vinapatikana mtandaoni. Mwaka 1988 kilifika mita 6.64. Oktoba 2024 kilishuka hadi sentimita 69 chini ya sifuri, na hapo wengi hudhani mto ulikauka. La hasha. Sifuri ya kipimo ni alama iliyowekwa na watu, si sakafu ya mto. Ila maji yakishuka kiasi hicho, mafungu ya mchanga hujitokeza, na boti kubwa hulazimika kupita kwa tahadhari au kungoja. Ukitaka safari ya boti ya siku kadhaa, mwulize mwenye boti kipimo kinasoma ngapi wiki hiyo na njia gani inapitika. Asiyejua jibu, mwache.

Kwa wanyama, Julai hadi Septemba ni bora: madimbwi yanasinyaa, na kaimani (jamii ya mamba), kapibara (mnyama wa jamii ya panya, mkubwa kama mbwa) na korongo mkubwa anayeitwa tuiuiú wanakusanyika palipobaki maji. Tatizo la miezi hiyo ni moto. Mwaka 2020 na 2024 Pantanal iliungua vibaya, na moshi huziba pumzi pamoja na mandhari. Kama unamfuata jagwa, paka mkubwa wa madoa, tusidanganyane: nafasi nzuri zaidi iko Porto Jofre, katika jimbo jingine kaskazini. Wavuvi nao wakumbuke kwamba uvuvi hufungwa Novemba 5 hadi mwisho wa Februari ili samaki wazaliane.

Mji wenyewe una ngazi mbili. Juu ya genge la mawe ya chokaa, yaliyoupa jina la Mji Mweupe, ndiko kuna maduka, hoteli na makazi. Chini, usawa wa maji, iko bandari ya zamani na safu ya majengo ya wafanyabiashara, ambayo serikali iliyatangaza kuwa urithi wa taifa mwaka 1993. Utajiri ule ulikuja kwa meli. Baada ya vita vya Paraguay mto ulifunguliwa kwa meli za kigeni, na bidhaa za Ulaya zikapanda kutoka Buenos Aires na Montevideo. Reli ilipofika Porto Esperança, chini zaidi ya mto, mwaka 1914, mizigo ikapata njia fupi ya kwenda São Paulo, na maghala yakaanza kukosa kazi. Jengo la kampuni ya Wanderley, Baís, la mwaka 1876, sasa ni makumbusho ya historia ya Pantanal, anzia hapo. Shuka asubuhi mapema au baada ya saa kumi jioni, kwa sababu kupanda mteremko wa Cunha e Cruz saa nane mchana kwenye joto linaloweza kukaribia nyuzi 40 ni adhabu ya bure. Ngome ya Junqueira imo ndani ya kambi ya jeshi: beba pasipoti, na uliza saa za kuingia kabla hujatoka hotelini.

Usiku wa Juni 23 sanamu za Mtakatifu Yohana huteremshwa kwa mteremko huohuo na kuogeshwa mtoni. Ni usiku mzuri kuliko yote mjini, na vyumba huisha mapema.

Ukitaka kuingia Pantanal kwa gari, ipo Estrada Parque, barabara ya udongo ya takriban kilomita 120 yenye madaraja ya mbao zaidi ya 70. Jaza tangi mjini na uondoke alfajiri. Huko Porto da Manga utavuka mto kwa pantoni, na aliyechelewa hapo hupoteza mchana wake. Kwenye daraja simama kwanza, shuka, tazama mbao: tafuta iliyooza na msumari uliochomoza. Kisha weka magurudumu juu ya mbao ndefu zilizolazwa kufuata njia, uende polepole bila kukata kona. Mvua ikinyesha, udongo hugeuka utelezi, na gari dogo halina kazi huko. Barabara ya lami ya BR-262 kwenda Campo Grande, zaidi ya kilomita 400, usiiendeshe usiku. Kapibara na wala-mchwa huvuka bila kuangalia.

Mpakani kosa ni moja: watu huvuka kwenda Puerto Quijarro, mji wa Bolivia, bila kugongesha muhuri wa kutoka Brazili, wakirudi wanaulizwa maswali na pengine kutozwa faini. Muhuri wa Brazili kwanza, wa Bolivia baadaye, na uende asubuhi kwa sababu ofisi hazikeshi. Cheti cha homa ya manjano kiwe mkononi. Chanjo huhesabiwa halali siku 10 baada ya sindano. Saa ya Corumbá ni sawa na ya Bolivia lakini iko nyuma ya São Paulo kwa saa moja, basi soma tiketi ya ndege vizuri. Na weka sweta moja kwenye begi: kati ya Juni na Agosti upepo wa kusini unaweza kushusha joto hadi nyuzi 10 kwa usiku mmoja.