Joto na usawa wa bahari: tatizo la mstari wako

Mkuu, umeuliza kwa nini grafu yako ya joto la dunia dhidi ya usawa wa bahari inakataliwa wakati uwiano wake (kipimo cha jinsi vitu viwili vinavyokwenda pamoja, kilele chake kikiwa 1) unakaribia 1. Ni kwa sababu vitu viwili vyovyote vilivyopanda karne nzima vitaonekana vimeshikana. Weka idadi ya watu duniani badala ya joto, utapata mstari mzuri vilevile.

Isitoshe, bahari huitikia polepole. Ukiweka bonge la barafu juani, ukali wa jua hauamui maji yamefika wapi kwenye beseni. Unaamua yanaongezeka kwa kasi gani. Ndiyo maana mwaka 2007 mwanasayansi wa bahari na tabianchi Stefan Rahmstorf aliunganisha joto na kasi ya kupanda, si kimo chenyewe: takriban milimita 3.4 kwa mwaka kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi juu ya joto la msawazo, yaani lile ambalo bahari haipandi wala haishuki. Mwaka 2009, yeye na Martin Vermeer wakaongeza kipengele cha mwitikio wa haraka, kinachofuata kasi ya joto lenyewe kupanda, na kigawo chake (namba inayozidishwa nacho) kikatoka hasi, kana kwamba joto likipanda haraka bahari inapunguza kasi! Hapo ndipo mjadala ulipo.

Wakosoaji walimbana Rahmstorf kwenye kulainisha data, yaani kutumia wastani wa miaka kadhaa badala ya namba za kila mwaka. Ukishalainisha, miaka mia inabaki na taarifa huru chache mno, na kosa sanifu (kipimo cha kutokuwa na uhakika wa makadirio) linaonekana dogo kuliko lilivyo. Mimi ningetumia data ghafi, nikadirie modeli kwa miaka ya kabla ya 1950 tu, kisha nione kama inabashiri iliyobaki. Halafu kumbuka mabwawa: yalizuia maji mengi nchi kavu karne ya 20, hivyo yakapunguza kupanda kwa bahari, na joto halikuhusika.