Jibu: Shakespeare kwenye sinema zisizo na sauti

Mkuu, umeuliza tamthilia za Shakespeare zilitengenezwaje sinema wakati hakuna sauti. Mwanzoni hawakuhangaika na tamthilia nzima, walichota tukio moja tu. Mwaka 1899 huko London, mwigizaji Herbert Beerbohm Tree alipigwa picha za sinema akiwa Mfalme John, wa tamthilia ya jina hilo, anayekufa kwa sumu. Kipande kilichobaki ni cha dakika moja hivi: mfalme yuko kitini, kavaa nguo nyeupe, anajipindapinda kwa maumivu, na unaelewa kila kitu. Baadaye wakawa wanaandika maneno machache kwenye skrini kati ya matukio.

Ila ukiamua kutazama moja tu, tafuta Hamlet ya Ujerumani ya 1921. Mwigizaji wa kike Asta Nielsen ndiye Hamlet, na katika sinema hiyo Hamlet ni binti aliyelelewa kama mwana wa kiume. Mwangalie macho! Sijaona Hamlet mwingine aliyenigusa hivyo.